Shangazi Anajibu: Soko, kituo cha afya, uwanja, vyote jengo moja?

Wiki hizi mbili simu yangu imejaa neno moja tu, senta. Senta ya jamii, yaani jengo moja kubwa litakalobeba soko na kituo cha afya na ukumbi na sijui nini tena, halafu vile vya zamani vifungwe. Nimechagua barua nne. Mitaa nimeificha maana wengine bado wanasubiri kugawiwa meza na sitaki mtu akatwe jina kwa sababu yangu.

Jambo Shangazi. Mimi nauza nyanya na mukene, dagaa wetu wa ziwani, hapa Jinja, si ndani ya soko kubwa, sisi ni wale wa jioni kando ya barabara, toninyira mukange. Naanza saa kumi na moja watu wakitoka kiwandani mpaka saa tatu usiku na taa yangu ya sola. Sasa tunaambiwa tutahamia senta mpya ng'ambo ya barabara kubwa, tena ghorofa ya pili, na ukumbi wetu wa mtaa nao utavunjwa uingie humohumo. Nimemuuliza askari wa pale getini watakuwa wanafunga saa ngapi akasema saa moja. Saa moja Shangazi! Nitamuuzia nani, popo? – Mama Nyanya, Jinja

Mama Nyanya, nilicheka hapo kwenye popo halafu nikaacha kucheka. Kwa wasomaji wasiojua, toninyira mukange ni Kiganda, ni kama kusema usinikanyagie changu, na ndivyo kulivyo, gunia liko chini, nyanya zimepangwa mafungu tano tano, anayepita anatafuta pa kuweka mguu. Mteja wa pale hakuja sokoni. Ametoka kazini kachoka, kaona nyanya, kanunua, kaenda. Ukizipandisha ghorofani yeye hazifuati huko, atanunua kwa mwingine atakayetandika gunia palepale ulipotoka wewe, na huyo mwingine usimngoje mwezi, siku tatu tu atakuwa ameshafika.

Na si kwamba nakisia. Serikali ya Uganda ilikopa Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajenga masoko makubwa kwa mradi unaoitwa MATIP, Wandegeya kule Kampala, hapo kwenu Jinja, Mbale, Gulu, Lira, Hoima na kwingine. Majengo mazuri, sisemi uongo, maji yapo, choo kipo, mvua haikupigi mgongoni. Lakini malalamiko ya wachuuzi wa masoko ya ghorofa ni yaleyale kila mji, chini kumejaa, juu meza zimelala, na nje barabarani wenzao wanauza kama kawaida, basi wa juu nao wanashuka kuwafuata wateja, halafu wanaanza kukimbizwa na askari wa mji.

Kwa hiyo usiende kupinga jengo, utaonekana adui wa maendeleo na utachoka bure. Nenda na maswali. Vitu vibichi vitakaa chini au juu? Geti linafungwa saa ngapi, na nani aliamua hiyo saa, maana saa ni kitu cha kubadilisha kwa kalamu tu, haihitaji simenti? Halafu pesa. Leo unalipa ushuru siku ukiuza, ila meza ya ndani mara nyingi inakuwa kodi ya mwezi, uuze usiuze. Piga hesabu hiyo kabla hujakubali kitu. Na rejesta dada yangu, rejesta ndiyo roho ya mambo yote. Andikeni wenyewe leo majina ya wote wanaouza hapo, mtu na anachouza na mwaka alioanza, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, agonge muhuri, pigeni fotokopi, kila mmoja akae na yake. Risiti za ushuru usifungie mukene tena! Ugomvi wa masoko mapya karibu wote unaanza hapo, jina ambalo hakuna anayelijua limepata meza tatu na aliyeuza miaka kumi na miwili hana hata moja.

Ukumbi sina mengi, kama paa linavuja acha uende. Uliza tu nani atashika funguo. Leo naamini ziko kwa jirani fulani, msiba ukitokea usiku mnagonga dirisha mnafungua. Kwenye senta utaambiwa andika barua, lipia, subiri nafasi, na maiti haisubiri nafasi.

Shangazi, kituo chetu cha afya ni kile kidogo, ngazi ya pili, dakika kumi kwa miguu. Wanasema kitafungwa, huduma zote ziende kituo kikubwa cha ngazi ya tatu ndani ya senta, kama kilomita nne. Nina mapacha wa miezi saba na Nalongo wangu, mama yao, ana mguu mbaya. Usiku boda anataka mara mbili. Hii ni haki kweli? – Salongo, Busia

Salongo hongera kwa mapacha, pole kwa boda.

Sasa nitakuambia kitu hutakipenda. Kituo cha ngazi ya tatu ni kizuri kuliko hicho chenu. Ngazi ya pili ni ya parishi, yaani vijiji kadhaa, kwenye mipango ya wizara inahesabiwa kwa watu kama 5,000, unapimwa, unapewa dawa, unarudi nyumbani, kitanda cha kulala hakuna. Ngazi ya tatu ni ya sabukaunti, yaani parishi kadhaa pamoja, watu kama 20,000, na pale kuna wodi ya kuzalisha, kuna maabara. Nalongo angeshikwa uchungu usiku ungemkimbiza wapi, si huko? Na kilomita nne bado ni ndani ya zile tano ambazo serikali inazitumia kupima kama watu wako karibu na huduma, kwa hiyo ukibishana na kilomita utashindwa mapema. Hizo kilomita lakini zilipimwa na mtu mwenye gari, si mtu mwenye mguu mbaya na mtoto kila bega.

Bishana na vitu vingine. Cha kwanza, kidogo kisifungwe mpaka kikubwa kiwe kinafanya kazi kweli, namaanisha nesi yupo, dawa zipo, taa inawaka usiku, si utepe umekatwa wakubwa wamekula wameondoka. Watu wanahamishwa Januari kwenda kwenye jengo litakaloletewa vitanda sijui lini, na huo mwaka katikati ndio unaoua. Cha pili, chanjo za watoto. Chanjo haitaki jengo kubwa, inataka sanduku la baridi na nesi siku moja kwa wiki, ombeni iendelee kutolewa palepale kwenye kituo cha zamani, na wale wahudumu wa kujitolea wa kijiji, VHT, wabaki na chumba chao hapo. Ombi dogo hivi kukubaliwa ni rahisi kuliko kusema hatutaki.

Mambo Anti. Sisi vijana wa Arua uwanja wetu wa mpira ndio wanataka kuujengea hiyo senta. Tuliitwa mkutano, tukapewa soda na 5,000 ya usafiri, tukasaini karatasi ya mahudhurio. Sasa naskia ile karatasi ndiyo inaonyeshwa mjini kwamba tumekubali!! Tumeshaliwa? – Namba Tisa

Hamjaliwa, mmeonjwa.

Saini ya kuhudhuria ni ya kuhudhuria. Kijiji kinaamua kwenye baraza lake, na baraza la LC1 si wale kumi wa kamati peke yao, ni kila mkazi aliyefika miaka 18, wewe namba tisa na golikipa wako pia. Andikeni barua moja fupi, sisi tulihudhuria tarehe fulani, hatukupiga kura, tunaomba mkutano wa kijiji na muhtasari wake uandikwe. Nakala kwa mwenyekiti, kwa kaunsila wenu, kwa karani wa mji, na ile yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Pia mnaweza kuomba kuonyeshwa plani yenyewe na hiyo karatasi mliyosaini, kuna sheria ya mwaka 2005 ya kupata habari za serikali, ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Siku nyingine kabla ya kusaini soma kichwa cha karatasi, na kama hakina kichwa usisaini, soda utanunua mwenyewe.

La ardhi ndilo kubwa zaidi. Huko kwenu West Nile ardhi nyingi ni ya ukoo, na uwanja wa namna hiyo mara nyingi ni mzee fulani zamani alisema chezeni hapa, hakuandika popote. Kukosa hati si kukosa haki, Katiba ya 1995 inaitambua ardhi ya kimila, na kifungu cha 26 kinasema mali ya mtu haichukuliwi kwa nguvu kabla hajalipwa fidia ya haki. Lakini haki hiyo ni ya ukoo, si ya timu. Kwa hiyo kesho jioni badala ya mazoezi nendeni kwa wazee wa huo ukoo mkaulize, na mwende na sukari.

Shangazi mimi ni mzee wa Bombo. Tuna mwembe wetu, chini yake tunacheza mweso, yaani bao. Wameniambia senta itakuwa na chumba cha wazee chenye televisheni, kwa hiyo mwembe utaondoka. Sina la kuuliza, nimekuandikia tu.

Shikamoo mzee wangu. Unalo, ila umelimeza.

Ubao wa mweso una mashimo 32 na kete 64, wanacheza wawili na wanaogombana ni saba, kila anayepita anasimama kumfundisha anayeshindwa. Kwenye chumba chenye televisheni mtaambiwa nyamazeni. Injinia akija, wewe na wenzako mwombeni aufungue mchoro wake mezani, awaonyeshe mwembe uko wapi kwa kidole. Kama haupo, mpeni kalamu, na asiondoke mpaka ameuchora.