Reli ya mkonge juu ya meza: nianze na skeli ipi?

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi, wilaya ya Korogwe. Babu yangu alikuja huku akiwa manamba, akakata mkonge mpaka uzeeni. Shambani alikokuwa akifanya kazi bado kuna vipande vya reli nyembamba vilivyomezwa na nyasi, na troli moja iliyobaki fremu na magurudumu tu. Nataka nitengeneze mfano wa reli ile, unaotembea, niuweke darasani. Meza niliyonayo ni sentimita 120 kwa 60. Mtandaoni nimekutana na H0, 00, 0, G, 9 mm, 16.5 mm, nimevurugika. Nichukue skeli ipi, ninunue injini gani, na umeme wake uweje? Uwezo wangu ni wa mwalimu, unaujua mwenyewe.

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Injini usinunue kwanza.

Wengi wetu tulioingia kwenye kazi hii tulianza na injini. Mimi nilinunua kichwa cha treni cha mvuke kizuri mno, nikakiweka mezani, ndipo nikaanza kujiuliza kitavuta nini. Kila nilichotengeneza baada ya hapo kililazimika kufuata kipimo chake, na mwishowe nikawa na treni ya milima ya Ulaya inakatiza katikati ya mkonge. Reli ya shamba ilitandikwa kwa ajili ya jani, kwa hiyo na wewe anza na jani.

Chukua kilo 100 za majani ya mkonge, upeleke korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Singa, yaani nyuzi, utakazopata ni kilo 4 hivi. Zilizobaki ni maji na makapi, yanasombwa na mfereji. Jani nalo halingoji: likikaa muda mrefu baada ya kukatwa linakauka na singa zinakuwa ngumu kutoka. Ndiyo maana mashamba ya Tanga yalihitaji reli kabla ya kuwa na barabara za maana. Mzigo ni mzito, wa bei ndogo, wa haraka, na unatoka mahali panapohama kila siku kadiri wakataji wanavyosogea. Kwa kila kilo 4 zilizokwenda bandarini, kilo 100 zilipita kwenye reli ya shamba. Ukilishika hilo, mfano wako unajipanga wenyewe. Troli zinaingia zimejaa, zinatoka tupu, siku nzima, na belo (marobota ya singa) chache za kilo 250 zinatokea upande wa pili wa kiwanda.

Sasa vipimo. Hizo herufi na namba zilizokuvuruga ni mambo mawili yaliyoshonwa pamoja. Geji ni nafasi kati ya reli mbili, ukipima ndani kwa ndani kwenye vichwa vya reli. Skeli ni mara ngapi umepunguza kitu halisi. Watengenezaji duniani wamezalisha kwa wingi njia za 16.5 mm na za 9 mm, na sisi wa reli nyembamba tunazichukua njia hizohizo tunazibadilishia skeli. Njia ya 16.5 mm kwa 1:87, ambayo ndiyo H0, inakupa 1435 mm, yaani SGR. Njia hiyohiyo kwa 1:35 inakupa 577 mm. Mashamba mengi ya mkonge yalitumia njia ya 600 mm. Umekosea kwa milimita 23 za uhalisia, ambazo mezani ni chini ya milimita moja. Jicho haliioni.

(Reli ya Tanga unayoiona ikipita Korogwe, iliyofika hapo mwaka 1902, ni ya mita moja, nayo kwa hesabu ya dunia tayari ni nyembamba. Hiyo G ya milimita 45 kwa 1:22.5 ndiyo inayoifaa, ila kwa meza yako utapata behewa mbili na ukuta.)

Ningekuwa mimi, ningechukua 1:35 juu ya 16.5 mm, na sababu yangu kubwa ni jani lenyewe. Jani la mita 1.2 kwa 1:87 ni milimita 14; mwanafunzi akisimama hatua mbili kutoka mezani anaona majani ya chai. Kwa 1:35 linakuwa milimita 34 na mtu anafika karibu sentimita 5, na hapo mkataji anaonekana ameshika nini. Bei nayo inasaidia. Magurudumu na njia za 16.5 mm ndizo zilizozagaa kuliko zote, mpaka zilizotumika. Tena 1:35 ni skeli ya wanaotengeneza vifaru na wanajeshi wa plastiki, kwa hiyo watu, mapipa na malori yapo tele. Ukimvua mwanajeshi kofia ya chuma na kumpa panga, ni mkata mkonge. Mabuti yake yakate, wengi walikata mkonge pekupeku au na ndala za tairi.

Hasara yake ni nafasi. Meza yako kwa 1:35 ni eneo la mita 42 kwa 21, wakati kwa 1:87 lingekuwa mita 104 kwa 52. Usilazimishe treni izunguke. Kona kali yenye nusu kipenyo cha mita 10, ambayo troli za kusukuma ziliiweza, mezani ni sentimita 28.6, na upana wako wote ni 60. Utamaliza meza kwa duara moja lisilokwenda popote. Tandika njia kutoka ncha hadi ncha. Kushoto weka uso wa korona tu, ukuta wa mbele na kipenu cha kushushia majani, jengo lenyewe ulikate kwenye ukingo wa meza kana kwamba linaendelea nje. Kulia njia ipite kati ya safu za mkonge ipotelee nyuma ya mwembe, itokee kwenye ubao mdogo wa sentimita 30 ambao watazamaji hawauoni. Katikati pointi moja (mahali njia inapogawanyika mbili), ili troli tupu zisubiri pembeni wakati zilizojaa zinaingia.

Halafu tengeneza troli kwa jozi, seti mbili zinazofanana kabisa, moja imejaa na moja tupu. Iliyojaa inaingia ndani ya korona kupitia tundu la ukutani na kubaki huko, tupu inatoka. Kule nyuma ya mwembe unafanya kinyume chake. Wanafunzi watadhani majani yanashushwa kweli.

Kwa troli zenyewe huhitaji kununua chochote zaidi ya magurudumu. Gurudumu la kawaida la H0 ni milimita 11, sawa na sentimita 38 hivi kwa 1:35, kipimo kinachoikaa troli ya shamba bila kubadilisha kitu. Fremu ni vijiti vya aiskrimu, minyororo ya kuunganishia ni mkufu wa bei poa. Gundisha nati moja ya chuma chini ya sakafu, maana troli fupi na nyepesi huruka reli hata kwa kuitazama vibaya. Majani kata karatasi ya kaki, paka rangi ya kijani yenye kijivujivu, yafunge matita ya 30 kama wakataji walivyofunga mzigo wao. Babu yako angehesabu. Kuna mzee atakayekuja kuona mfano wako naye atahesabu, nakuhakikishia.

Njia ya dukani ina kasoro moja. Mataruma yake yamebanana kama ya reli kuu, na reli zimenyanyuka mno. Tafuta reli ya kimo cha 1.9 mm, maana kwa 1:35 inakuwa milimita 66 hivi, karibu sawa na reli ya kilo 7 kwa mita. Reli nyepesi za aina hiyo ndizo zilizounganishwa na mataruma ya chuma kiwandani, zikaja kwa vipande ambavyo watu walivibeba mikononi na kuvihamisha. Kwa kipande cha mita 5, vyuma viwili peke yake ni kilo 70. Katakata viunganishi vya plastiki, ondoa taruma moja kati ya kila mawili, yaliyobaki yatawanye. Au fanya kama shamba lenyewe lilivyofanya, uzifukie kwenye udongo na nyasi.

Udongo wa kwenu ni mwekundu na mzuri, utumie huohuo. Ukaange kwenye sufuria kuukuu uue wadudu na mayai yao, uuchuje kwa chujio la chai, halafu, na hili usiliruke, upitishe sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma. Mimi sikujua. Mfano wangu wa kwanza ulikwenda wiki mbili, kisha mota ikaanza kukwaruza kama inatafuna mchanga, na kweli ilikuwa inautafuna: chembe ziliruka juu zikanata kwenye sumaku ya mota. Baada ya sumaku, mwaga udongo, unyunyizie gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu pamoja na tone la sabuni ya vyombo.

Mkonge wenyewe ndio utakaokula muda wako. Mashambani unapandwa safu mbilimbili, na kati ya jozi na jozi mara nyingi wanaacha mita 4 za kupita wakataji. Hizo mezani ni sentimita 11.4, hivyo kwenye nusu ya nyuma ya meza zinaingia jozi mbili tu. Kwa mita moja kati ya mche na mche, jozi moja ya urefu wa meza nzima ni miche 84. Kila mche na majani yake 20 na kitu, piga hesabu. Wape wanafunzi mikasi. Mche uliokwisha kukatwa una shina lenye makovu chini, kama nanasi, na majani yamebaki juu tu. Ule ambao haujafikiwa umejaa mpaka chini. Ukionyesha mpaka kati ya hizo mbili, mtazamaji anajua wakataji wamefika wapi leo. Milingoti, yale mashina marefu ya maua, weka miwili mitatu, pembeni. Mkonge hutoa mlingoti mwishoni mwa uhai wake kisha hufa, na nimeona mifano yenye mlingoti kwa kila mche. Hilo si shamba, ni makaburi.

Cha kuchekesha, singa halisi hazifai kuonyesha singa. Unyuzi mmoja kwa 1:35 unakuwa mnene kama kidole. Kwa singa zilizoanikwa kwenye nyaya nje ya korona tumia pamba iliyochanwa au uzi wa cherehani uliofumuliwa. Singa halisi zitakufaa kwa nyasi ndefu.

Injini, mwisho kabisa. Na unaweza kuanza bila injini, bila aibu yoyote. Troli za mjini Mombasa, za njia ya futi 2, zilikuwa zikisukumwa na watu barabarani, na troli za mashamba nazo zilisukumwa hivyohivyo sehemu nyingi kabla injini hazijatosha. Watu wawili wa plastiki waliogundishwa mikono nyuma ya troli, mota imefichwa chini ya majani, nacho ni kielelezo kamili cha kazi aliyoijua babu yako. Ukitaka dizeli ndogo ya miaka ya 1950, boneti yake ni boksi la kadibodi. Injini ya shamba ikienda kilomita 10 kwa saa, mezani ni sentimita 8 kwa sekunde. Meza yako inavukwa kwa sekunde 15. Treni ya dukani inaivuka kwa 3.

Wewe ni mwalimu wa umeme, kwa hiyo sitakusomesha. Tumia mota ndogo yenye gia, aina ya N20 ya 12 V inayouzwa kwa watu wa roboti, yenye mizunguko 120 hivi kwa dakika. Kwa gurudumu la milimita 12 inakupa sentimita 7.5 kwa sekunde, karibu kabisa na unachotaka bila kifaa cha bei mbaya. Waonye wanafunzi wasiisukume kwa mkono, gia zake zinavunjika. Umeme usiupitishe kwenye reli. Unyevu wa mkoa wenu pamoja na vumbi vitakufanya usugue reli kwa spiriti kila asubuhi. Weka seli moja ya lithiamu ya 3.7 V ndani ya boneti, na bodi ndogo ya kupandisha volti na kipokezi kidogo cha rimoti. Kwa 1:35 nafasi ipo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda skeli hii. Seli iwe na ulinzi wake, na isichajiwe darasani usiku.

Lakini yote haya nimeyasimamisha juu ya 600 mm, na shamba lako sijaliona. Kabla hujaagiza hata gurudumu moja, nenda na futi kwenye ile troli. Pima kati ya nyuso za ndani za magurudumu (itakuwa pungufu kidogo ya geji yenyewe), pima kipenyo, pima urefu wa fremu na nafasi kati ya ekseli, piga picha ya kila kona, usiondoke na kipande. Kama kuna reli mbili ambazo hazijahama, pima ndani kwa ndani sehemu tatu tofauti. Geji ikikujia 600 au 610, fuata niliyoyasema. Ikikujia 750, kama ile njia ya kubebea mbao ya Tengeni hadi Sigi, usitupe wazo la 16.5 mm. Badili skeli iwe 1:45, inakupa 742 mm, jani linakuwa milimita 27, na meza yako inaongezeka kuwa mita 54 kwa 27.