Niliishia la saba, binti yangu naye ataishia kama mimi?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mama lishe huku Mbagala, niliishia la saba na baba watoto hivyo hivyo. Binti yetu yuko fomu wani, toka masomo yamegeuka Kiingereza homuweki zake siambulii kitu. Juzi kwenye kikao mwalimu mmoja kasema mbele za watu eti watoto ambao wazazi hawajasoma ndo wanashusha wastani wa darasa, nimerudi nyumbani nalia. Ni kweli?
Mama Z.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, huyo mwalimu kakosea. Sikufichi, elimu ya mzazi inachangia, hasa ya mama, na hata wale wa shirika la Uwezo wanaopima watoto kusoma na kuhesabu wamekuwa wakiliona hilo. Ila haipiti kwenye damu. Aliyesoma ana vitabu ndani, ana hela ya tuisheni, na kikubwa haogopi kumfuata mwalimu kumuuliza mbona hesabu zimeshuka. Ada ya fomu wani mpaka foo shule za serikali ilifutwa 2016, hayo mengine yamebaki pale pale. Na mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili leo anakutana na baiolojia kwa Kiingereza, hapo wanahangaika wengi sio wako tu.

Marehemu mama yangu hakujua kusoma kabisa. Usiku akishamaliza vyombo anachukua daftari langu anafunua kurasa anatafuta wino mwekundu, vema anaijua na kosa analijua, akikuta kosa anaweka kidole pale pale, haya niambie hapa ulikosea nini, basi namweleza na mara nyingi kabla sijamaliza nishaliona mwenyewe. Nawe fanya hivyo, akueleze kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza, akikwama ujue hapo hajaelewa, kesho akamuulize mwalimu. Na jioni usimpe vyombo vyote vya biashara jamani, muachie hata lisaa limoja la kusoma.

Halafu na wewe, QT ipo, yaani mtihani wa maarifa, mtu wa la saba anafanya, akifaulu anaenda mtihani wa fomu foo kama mtahiniwa binafsi, waulize Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wakuelekeze. Kikao kijacho usikose, uliza ya kwako kwa Kiswahili chako hicho hicho.