Moshi mweupe wa asubuhi kwenye dizeli: nusa kwanza kabla hujafungua hedi

Mkuu, nimekusoma. Dizeli ya silinda nne, asubuhi inawaka kwa kusuasua, inamwaga moshi mweupe dakika nne tano, ikishapata moto inatulia, na maji kwenye rejeta hayapungui. Fundi amekwambia gasketi ya hedi (kizibo kati ya kifuniko cha juu cha injini na bloku) imekwenda, mfungue. Usifungue kwanza. Mimi nilifungua, ndiyo maana naandika.

Yangu ilikuwa na dalili hizohizo. Fundi aliutazama moshi mara moja akasema "maji hayo", na kwa kuwa sikujua lolote nikaitikia. Hedi ikashuka, ikapelekwa kusawazishwa, ikaja gasketi mpya na boliti mpya, siku nne gari iko juu ya mawe. Asubuhi ya kwanza baada ya kufungwa nikawasha: moshi uleule, haukupungua hata chembe. Nikasimama nyuma ya gari hasira imenipanda, mara macho yakaanza kuwasha na kutoa machozi. Mvuke wa maji hauwashi macho. Dizeli mbichi ndiyo inayowasha, na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake wiki tatu nzima bila kujiuliza.

Weupe ule unaweza kuwa maji yaliyogeuka mvuke, au dizeli iliyopita kwenye silinda bila kuungua ikatoka kama ukungu. Kwa macho vinafanana sana. Mvuke hupotea haraka hewani, na ukiwa wa kulanti (maji ya dawa ya rejeta) huwa na harufu tamutamu. Dizeli hubaki inaning'inia, inanuka kama tangi lililoachwa wazi. Chukua kipande cha boksi, kishike shubiri mbili kutoka mdomo wa ekzosi kwa nusu dakika, kisha kiache kikauke. Maji yatakauka yaondoke. Dizeli itaacha doa la mafuta ambalo ukilinusa huhitaji kuuliza mtu. Kama asubuhi ni ya baridi na mvuke mwepesi unatoka dakika moja mbili tu, huo ni wa kawaida, kila injini inayochoma mafuta hutengeneza maji.

Kwa nini dizeli isiungue? Injini hii haina spaki. Pistoni inaibana hewa hadi ibaki sehemu moja kati ya 16 mpaka 22 ya ujazo wake, hewa inapanda joto kupita nyuzi 500, injekta inanyunyiza, moto unajiwakia. Chuma kikiwa cha baridi kinanyonya joto hilo, ndiyo maana kuna gloplagi, vijiti vya umeme vinavyopasha silinda kabla ya kuwasha, zile mafundi wengine wanaziita hita. Zikifa mbili, silinda mbili zinapokea mafuta zisizoweza kuyawasha mpaka silinda nyingine ziipashe injini moto. Ndiyo huo moshi wako unaoacha wenyewe.

Kesho asubuhi fanya hivi, hakuna gharama. Washa swichi bila kupiga stata, subiri taa ya koili (ile ya gloplagi kwenye dashibodi) izime, zima, rudia mara tatu, ndipo upige. Ikiwaka kirahisi na moshi ukapungua, gloplagi au rilei yake (swichi inayozipelekea umeme) inakuita. Usidanganywe na hiyo taa, hasa kwa gari za zamani: nyingi zinaiwasha kwa kufuata muda na joto la injini, hazijui kama plagi yenyewe ni nzima. Yangu ilikuwa inawaka na kuzima kwa adabu zote huku plagi ya silinda ya 1 na ya 3 zimekufa.

Kuzipima, vua waya au ule ukanda unaoziunganisha, weka mita kwenye omu, waya mmoja kichwani mwa plagi na mwingine kwenye bodi ya injini. Nzima husoma karibu na omu 1 au chini yake, iliyokatika haisomi kitu. Zote zikisoma vizuri, pima kama umeme unafika pale swichi ikiwashwa. Usizijaribu kwa kuzigusisha kwenye betri kabla hujasoma maandishi yake, kwa sababu zipo za volti chini ya 12 na utaziunguza mwenyewe. Na kuzifungua, tafadhali, injini ikiwa na uvuguvugu, umezimwagia oili ya kulegeza kutu tangu jana yake. Ikigoma usiilazimishe. Gloplagi iliyokatikia ndani ya hedi ndiyo itakayokufungulisha hedi kwa haki.

Baada ya kubadilisha zangu nne, moshi ulibaki kidogo na mlio wa kugongagonga. Kumbe injekta moja ilikuwa inadondosha badala ya kunyunyiza. Kwenye dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la injekta moja moja injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ile ambayo ukilegeza mwendo wa injini haubadiliki na moshi unapungua ndiyo mbovu. LAKINI kama injini yako ni ya komoni reli (injekta zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa), mtu asiguse nati hizo ikiwa inaunguruma. Presha mle inaweza kupita baa 1,000, inachoma ngozi kama sindano. Hizo zinapimwa kwa mashine au kwa kulinganisha mafuta yanayorudi kwenye kila injekta. Chungulia na dipstiki: oili ikipanda na kunuka dizeli, injekta inamwaga kiasi cha kuosha kuta za silinda, usiendelee kuitembeza.

Kama moshi ungeendelea hata injini ikiwa ya moto, ningekwambia uangalie taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza mafuta, kama imechelewa (mkanda ukiruka jino moja inatosha), maji kwenye chujio la dizeli, halafu kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Kompresheni usitazame namba peke yake, tazama silinda ipi imeachwa nyuma na wenzake.

Gasketi nayo ina dalili zake, na wewe hujataja hata moja. Kulanti inapungua bila kuvuja chini, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu hata gari ikiwa imelala usiku kucha, mapovu yanapanda mfululizo kwenye tangi la akiba. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi, gari ya safari fupifupi huwa nao. Na hata kulanti ikipungua, kagua kwanza kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) kama gari inacho. Shemeji yangu nusura ashushe hedi, kumbe kipoza ndicho kilichotoboka kinamwaga kulanti kwenye ekzosi. Ila kwa dalili za namna hiyo, stata ikigoma ghafla kama imegonga ukuta, acha kupiga. Maji yakijaa kwenye silinda hayabanwi, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Fanya la swichi mara tatu na la boksi, kisha uniambie doa limekauka au limebaki. Na mwambie fundi akupimie gloplagi mbele yako, hata robo saa haimalizi.