Kuzalisha kangaga la kiota nyumbani: utando wa kijani usiutupe

SWALI: Ninaishi Nyegezi, Mwanza. Nina kangaga kubwa kwenye chungu, lenye majani marefu na mapana yasiyochanika, yaliyojipanga duara kama kiota. Upande wa chini wa majani yake imejitokeza mistari ya kahawia. Niliambiwa kuwa hizo ni mbegu, nikazikwangua na kuzitawanya kwenye beseni la udongo niliouchota chini ya mwembe, nikamwagilia maji ya ziwani na kuliweka beseni dirishani. Baada ya miezi miwili kulikuwa na utando wa kijani tu, nikaumwaga. Nilikosea wapi? Na je, naweza kuupasua mmea wenyewe katikati ili nipate miwili?

JIBU: Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu kosa lake halirekebishiki: tafadhali usiupasue. Majani mazima yaliyojipanga kama kiota, pamoja na mistari ya kahawia inayotoka kwenye uti wa jani kama mbavu, ni alama za kangaga ambalo wataalamu huliita Asplenium nidus. Mmea huu kwa kawaida hukua kutoka kwenye kitovu kimoja tu, na kisu kikipita hapo unaweza kuupoteza wote. Wanaokushauri kupasua huenda wanalifikiria kangaga la kuning'inizwa barazani, la jamii ya Nephrolepis, ambalo hutoa vikamba vinavyotambaa na kuotesha miche pembeni, na ambalo kweli hugawanyika kwa urahisi.

Kwa kangaga lako, njia ya nyumbani ni hiyo hiyo uliyoijaribu. Mistari ile ni mafungu ya vifuko vidogo mno vilivyojaa spora, ambazo si mbegu, kwa kuwa ndani yake hamna mche. Spora ikiota haitoi kangaga. Hutoa kwanza mmea mwingine kabisa, uitwao prothalo, ambao ni kipande kidogo chembamba cha rangi ya kijani, chenye umbo la moyo, kisichozidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kilicholala juu ya udongo. Chini yake ndimo hukomaa mbegu za kiume na mayai, na mbegu hizo za kiume huogelea kulifikia yai, kwa hiyo pasipo tabaka la maji hakuna utungisho. Kangaga lenyewe huchipuka baada ya hapo. Mpangilio huu wa vizazi viwili ulielezwa vizuri na mwanabotania wa Ujerumani, Wilhelm Hofmeister, mwaka 1851, na mpaka leo nauona kuwa miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa katika mimea.

Sasa unaona kwa nini nilisikitika niliposoma kwamba uliumwaga utando ule. Huenda ulikuwa mwani tu, maana maji ya ziwa letu yana mwani mwingi na udongo wa shambani una wake. Lakini huenda pia zilikuwa prothalo zako. Safari ijayo chukua lenzi, au kuza picha kwa kamera ya simu. Mwani ni ute usio na umbo, nao huteleza ukiugusa kwa kijiti. Prothalo ni kipande chenye ukingo, kina kibonyeo upande mmoja, na kimejishikiza kwa vinyweleo.

Anza upya hivi. Kata kipande cha jani ambalo mistari yake imekuwa kahawia iliyokolea lakini haijachakaa, kilaze juu ya karatasi nyeupe, mistari ikitazama chini, katika chumba kisicho na upepo, na ukiache siku moja au mbili. Utakuta vumbi la kahawia. Inamisha karatasi na uigonge taratibu: makapi huporomoka kwanza, na lile vumbi laini linalobaki limeganda ndilo spora. Kukwangua, kama ulivyofanya, huchanganya vyote, na makapi huleta ukungu.

Usafi ndio unaoamua. Chukua kopo la plastiki linalopitisha mwanga, lenye kifuniko, ulioshe vizuri, utie mboji iliyochekechwa na mchanga kidogo, kisha uumwagie mchanganyiko huo maji yanayochemka na kufunika mpaka upoe kabisa. Nyunyiza spora kwa uchache juu yake bila kuzifukia, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote, halafu funika tena. Dirisha linalotazama ziwa halifai, kwani jua la alasiri likipiga kwenye kopo lililofunikwa, ndani huiva. Weka mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipofikiwa na jua. Joto la Mwanza linatosha lenyewe.

Rangi ya kijani huonekana baada ya wiki mbili hadi sita, na prothalo hukamilika kwa miezi miwili au mitatu. Zikishafunika udongo, zinyunyizie maji yaliyochemshwa yakapoa, kila baada ya siku chache, na usubiri tena, pengine miezi kadhaa. Majani ya kwanza ya kangaga yakifikia sentimita mbili au tatu, hamishia miche kwenye vikopo ikiwa katika vifungu vidogo, bila kuitenganisha mmoja mmoja, na ufungue kifuniko kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili ili izoee hewa kavu ya nje, hasa ukihamisha kati ya Juni na Septemba.