Simu juu ya mkeka: niliyojifunza nikiwapa wacheza karata macho ya ziada

Ami yangu aliacha kuja barazani taratibu, bila ya kugombana na mtu. Kwanza akawa anachelewa. Kisha akawa anakaa pembeni na kikombe chake cha kahawa wakati wengine wanagawa. Mwisho hatukumwona tena baada ya Isha. Presha ya macho ilikuwa imeshalimaliza jicho la kushoto, na la kulia lilibaki kuona kilicho kikubwa na kilicho karibu tu. Huyu ndiye aliyenifundisha mchezo wetu wa karata, wahedi wa sitini, nikiwa na miaka tisa, hapa hapa Ng'ambo, Unguja, na mpaka leo hakuna mtaani anayekumbuka karata zilizokwishatoka kama yeye. Kilichomshinda ni kuiona karata iliyopigwa chini.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nilitumia jioni zangu za miezi mitano kuifundisha simu imwonee. Naandika haya kwa yeyote anayetaka kuunganisha karata za mkononi na uhalisia ulioboreshwa, yaani ile teknolojia ya kamera kukitazama kitu halisi na programu kuongeza picha, maandishi au sauti juu yake palepale. Kuna mambo yaliyonipotezea wiki nzima ambayo wewe unaweza kuyaepuka kwa dakika kumi za kusoma.

Anza kwa kuuliza nani hapo mkekani anakosa nini. Mimi sikuanza hivyo. Toleo langu la kwanza lilikuwa la mapambo: ukiweka ree (karata ya A) ya shupaza, kwenye kioo linainuka taji la dhahabu linalozunguka. Watoto walilipenda robo saa, kisha wakaiomba simu waangalie mambo mengine. Ami hakuliona kabisa. Wenzetu walishapita njia hii zamani. Mwaka 2007 Sony ilitoa The Eye of Judgment kwa PlayStation 3: kamera imesimama kwenye stendi, chini yake kitambaa chenye miraba tisa, karata zina alama maalumu, na viumbe wanaibuka kwenye televisheni. Stendi ile ilikuwa wazo zuri sana, kwa sababu mikono ya wachezaji ilibaki huru. Lakini macho ya wote yalikwenda kwenye televisheni. Kwa karata zetu hilo ni hasara, maana nusu ya mchezo iko usoni mwa mwenzio. Mimi nilijifunza zaidi kwa Chronicles of Crime, mchezo wa upelelezi wa mwaka 2018. Pale karata zina misimbo ya kuskani, simu inatoa jibu, kisha watu wanageukiana na kubishana wenyewe. Simu inasema lake na kunyamaza.

Sasa ufundi. Njia iliyonivutia mwanzo ni ya kuitambua picha ya karata yenyewe, bila kuibandika chochote. ARCore, programu ya Google ya uhalisia ulioboreshwa, inaweza kufanya hivyo, na ina chombo kinachoipa kila picha alama kutoka 0 hadi 100, huku wenyewe wakishauri usitumie iliyo chini ya 75. Nilipiga picha pakiti nzima nikaipitisha. Magarasa, yaani karata zisizo na pointi, yalianguka vibaya, kwani mbili au tatu ya pau ni uwanja mweupe wenye maua mawili matatu yanayofanana, na programu inatafuta pembe na michoro isiyojirudia. Wazungu, yaani karata zenye picha za watu, walipata alama nzuri zaidi, ila nao wana vichwa viwili, juu na chini sawa, jambo linaloichanganya programu kuhusu upande. Halafu kuna sharti ambalo hulihisi mpaka ujaribu: ili ARCore iitambue picha kwa mara ya kwanza, picha hiyo lazima ijaze angalau robo ya eneo ambalo kamera inaliona. Karata ina upana wa milimita 63 na urefu wa 88. Simu ikikaa juu kiasi cha kuuona mkeka, karata haifiki robo hata kidogo. Tena simu nyingi za bei nafuu hazimo kabisa katika orodha ya zinazokubali ARCore, na simu za barazani kwetu ni hizo hizo.

Kwa hiyo nikarudi kwenye njia ya zamani. Mwaka 1999 Hirokazu Kato wa Japani alitengeneza ARToolKit, programu inayotafuta mraba wenye fremu nene nyeusi na kusoma kilichomo ndani, hivyo kila karata unaichapia mraba wake. Tangu 2017 kuna AR.js, inayofanya kazi hiyo ndani ya kivinjari, bila kupakua programu yoyote dukani. Inataka kamera na kivinjari cha kisasa, basi. Kumbuka tu kwamba kivinjari hakiachii kamera kwa tovuti isiyo ya https, na ihifadhi tovuti yako ndani ya simu ili isihitaji bando kila usiku.

Hapa ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu zaidi. Alama za mraba zina aina zake. Ile ndogo ya vyumba vitatu kwa vitatu, yaani vijiraba vyeusi na vyeupe ndani ya fremu, inatoa alama 64, lakini ukiitaka ile inayojikagua yenyewe, zinabaki 32. Wahedi wa sitini tunaucheza kwa karata 40, maana tunatoa nane, tisa na kumi. Thelathini na mbili hazitoshi, nikachukua 64 zisizo na ukaguzi, nikachapa, nikaleta barazani kwa fahari.

Usiku wa pili, mikono ikikaribia kwisha, mwenzake Ami akapiga mbili ya pau. Simu ikasema, kwa sauti safi, "Ree ya uru." Ami akaongeza saba yake juu, pointi kumi, akiamini mwenzake ameshaula mkono ule. Wapinzani wakala kwa turufu ndogo. Ree ina 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2, kwa aina zote nne jumla 120, na mshindi ni wa kufikia 61. Ami na mwenzake walimaliza na 57. Ami hakusema neno. Aliinuka, akakung'uta kanzu, akaenda zake.

Asubuhi niliichukua ile mbili ya pau nikaiweka juani. Chumba kimoja cheupe kilikuwa na doa la mafuta ya kachori, na kamera ikakihesabu cheusi. Kwenye mpango wa alama 64 kila mchanganyiko ni alama halali, kwa hiyo kosa la chumba kimoja linaweza kugeuza karata kuwa karata nyingine, na programu haina namna ya kushuku. Nikahamia kwenye vyumba vinne kwa vinne vyenye kusahihisha makosa, mpango ambao AR.js inauita 4x4_BCH_13_9_3. Unatoa alama 512, nami nikachagua 40. Tangu hapo doa likiingia, ama simu inasoma sawa ama inanyamaza. Kama kuna jambo moja la kuchukua katika makala hii, chukua hilo: katika mchezo, simu isiyosema kitu ni bora mara mia kuliko simu inayosema uongo.

Kwenye kuchapa, alama niliiweka katikati ya uso wa karata, sentimita tatu kwa tatu, na namba kubwa mno kwenye pembe ili Ami aweze kuzisoma zilizo mkononi mwake mwenyewe. Usiweke chochote mgongoni. Niliwahi kufikiria kuweka alama mgongoni ili karata isomwe kabla ya kufunuliwa, na nashukuru sikufanya, maana mtoto mwenye macho makali angezikariri alama zote ndani ya wiki moja na mchezo ungekufa. Migongo yote ilingane, na kata kingo zote kwa mashine moja. Hata tofauti ya milimita moja vidole vinaijua.

Chapa kwenye karatasi nzito isiyong'aa. Mimi nilianza kwa kuzitia laminesheni ya kawaida ya duka la steshenari, na taa ya juu ikawa inaangukia kwenye plastiki kama kioo, alama zikipotea katikati ya mwanga mweupe. Kama lazima uzilinde na jasho la mikono, tafuta plastiki ya aina iliyofifia, na taa iweke ubavuni badala ya kichwani. Taa mbili dhaifu za pande mbili zinashinda moja kali.

Stendi usinunue. Yangu ni bomba la plastiki la inchi moja, elbo mbili, na kibao cha kushikia simu kikiangalia chini moja kwa moja. Nilijaribu sentimita 60 juu ya mkeka, vyumba vya alama vikawa vidogo mno kusomeka. Kwenye 35 ilitulia. AR.js kwa kawaida inasoma picha ya nukta 640 kwa 480. Ukiongeza, inaona vizuri zaidi lakini simu ya bei nafuu inachemka na chaji inashuka upesi, kwa hiyo bora ushushe simu kuliko kuongeza nukta. Chini yake nilitandika kitambaa cha kijani cha kiasi cha sinia, na karata zote zinapigwa hapo tu. Hilo pia linaiweka kamera mbali na mikono na nyuso za watu: haioni karata za yeyote, na hakuna picha inayohifadhiwa wala kutumwa popote. Waambie wachezaji hivyo kabla hawajauliza.

Tatizo la mwisho lilikuwa kasi. Kwetu karata haiwekwi, inapigwa. Inatua kwa kishindo, inateleza, kidole kinabaki juu yake kidogo, na ARToolKit haisomi mraba uliofunikwa hata pembe moja. Mwanzoni simu ilikuwa ikitaja karata mara mbili, au ikiitaja ya chini baada ya ya juu. Nikaiambia isubiri mpaka alama ionekane ileile kwa picha sita mfululizo ndipo iseme, na ikishasema isirudie mpaka kitambaa kiwe kitupu. Sauti ni ya binti yake Ami. Nilirekodi kwanza maneno peke yake, "ree", "saba", "ya kopa", nikayaunga, ikasikika kama tangazo la bandarini. Nikamwomba arekodi karata zote 40, moja moja, kwa sauti anayoitumia nyumbani. Kazi ya nusu saa, na tofauti yake ni kubwa kuliko kila kitu nilichoandika kwenye msimbo.

Utauliza kwa nini wachezaji wasizitaje karata wenyewe wanapopiga. Tulijaribu kabla ya yote. Wanakumbuka mikono mitatu ya mwanzo, mchezo ukipamba moto wanasahau, na Ami analazimika kuuliza "imepigwa nini?" mbele ya watu. Alichokichoka ni kule kuuliza.

Na kuna kitu alichonikataza. Niliongeza hesabu ya pointi pembeni ya kioo, ikapanda kila mkono unapoliwa, nikidhani namrahisishia. Akasikia vijana wakiisoma kwa sauti. "Mwanangu," akaniambia, "usinihesabie. Kuhesabu naweza." Niliiondoa usiku uleule. Imebaki kwenye ukurasa wa watoto wanaojifunza, na huko inawasaidia kweli, kwa sababu mtoto anaona mara moja kwa nini saba ni mali na sita ni garasa. Lakini kwa wakubwa, kuhesabu ndio mchezo wenyewe, na simu haina haki ya kuwanyang'anya. Kabla hujaongeza kitu chochote, muulize unayemtengenezea ni kipi anapenda kukifanya mwenyewe.

Sasa Ami anakuja karibu kila usiku isipokuwa wa mvua. Anakaa upande wa kulia wa stendi, sikio lake zuri likielekea kwenye simu. Juzi kaniuliza kama inaweza kusoma dhumna. Dhumna zina nukta zake tayari, nyeusi juu ya nyeupe, kwa hiyo labda hata alama hazitahitajika, ila vipande vinagusana na mstari unakwenda mbali kuliko kitambaa changu. Nimeshaanza kuzipiga picha, mpaka sasa mia mbili na kitu, chini ya taa ileile.