Samaki wangu wametoka chembe nyeupe, nirudie dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina tangi la kioo la lita 60 hapa Njiro, Arusha, lenye gapi sita na moli wanne. Tangu baridi ya Julai ianze wametoka vidoti vyeupe kama punje za chumvi, wanajisugua kwenye mawe, na wawili wameshakufa. Muuzaji aliniambia nifungue kapsuli mbili za tetrasaiklini nizimwage majini. Nimefanya hivyo juzi, sioni nafuu, na wanangu wanalia. Nirudie dozi? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Marahaba mama, na poleni sana. Usirudie. Tetrasaiklini huua bakteria, ilhali dalili unazozieleza ni za ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Dawa hiyo haikigusi. Inachoweza kudhuru ni bakteria wema wa kwenye chujio, wale wanaomeng'enya amonia inayotokana na kinyesi cha samaki. Leo toa theluthi ya maji, ujaze mengine yaliyolala saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke, yakiwa na joto sawa na ya tangi. Sponji ya chujio isuuze kwa maji uliyoyatoa, si ya bomba.

Sasa nikueleze jambo ambalo wengi hulikosa. Kile kidoti unachokiona kimejificha chini ya ngozi ya samaki, na hapo hakuna dawa ya majini inayokifikia. Kikikomaa hudondoka chini, hujifunika ganda mchangani na kugawanyika kuwa mamia ya vitoto, ambavyo huogelea kutafuta samaki wa kumwingia. Ni katika safari hiyo fupi tu ndipo tunaweza kuviua. Kwenye nyuzi 25 mzunguko mzima huchukua takribani wiki moja. Maji yakiwa ya baridi hujivuta kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana tunapasha maji joto: tunamharakisha adui atoke nje.

Pandisha joto hadi nyuzi 28, nyuzi moja au mbili tu kwa siku, kwa hita ya tangi na kipimajoto. Nakusihi, usitumie ile hita ya koili ya kuchemshia maji ya kuoga. Inaua samaki na inaweza kumuua mtoto. Hata hita ya tangi, ichomoe kwenye umeme kabla hujatia mkono majini. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na Arusha ipo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo oksijeni ni pungufu tayari. Pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana.

Kisha chumvi. Tangi la lita 60 likishawekwa mchanga na mawe hubaki na maji kama lita 50. Kwa gramu 2 kwa lita, unahitaji gramu 100 za chumvi ya mawe isiyo na viungo. Kapime kwenye mizani ya dukani, usikisie kwa kijiko. Igawe mara tatu, kila saa 12, ukiiyeyusha kwanza kwenye jagi. Gapi na moli huivumilia vizuri; kambare wadogo na mimea mingi haviipendi, vihamishe. Kumbuka chumvi haikauki pamoja na maji: ukibadilisha lita 10, rudisha gramu 20 tu, na ukijazia maji yaliyopungua kwa kukauka, usiongeze kitu.

Madoa yatatoweka baada ya siku chache, na hapo ndipo watu huacha. Usiache. Endelea wiki mbili kamili, ukifyonza uchafu wa mchangani kila baada ya siku mbili. Mpira wa kufyonzea usiuvute kwa mdomo, na ukiwa na kidonda mkononi vaa glavu, kwani kuna bakteria wa samaki wanaosababisha vidonda sugu kwa binadamu. Maji machafu yamwage chooni, kamwe si Mto Themi.

Ikifika siku ya nne wakawa bado wanahema juu ya maji au mapezi yanachanika, niandikie tena na unipe joto la maji la alfajiri na la usiku.