Pointi gadi mfupi na ndoto ya WNBA: namjibu mdogo wangu wa kidato cha sita

Juzi binti wa kidato cha sita kaniandikia inbox, anacheza mpira wa kikapu, namba moja, yaani pointi gadi, yule anayeupandisha mpira na kuipanga timu, urefu mita 1.64, anauliza "dada, nikipata skolashipu Marekani nitafika WNBA?", ile ligi ya kulipwa ya wanawake kule. Najibia hapa maana meseji za hivi napata sana, na wengi wanaowashauri hawa mabinti hawajawahi hata kudribo.

Ukweli kwanza. Mwaka 2024 ligi ilikuwa na timu 12, kila moja wachezaji wasiozidi 12, yaani nafasi 144 basi, na drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, ikachukua 36 wakati vyuo vya daraja la kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo Marekani, vyenye timu ya wanawake ni zaidi ya 340. Caitlin Clark kamaliza chuo cha Iowa na pointi 3,951, akachaguliwa wa kwanza kwenye drafti hiyo, na mshahara wake wa kwanza ulikuwa dola 76,535. Pesa kubwa ilikuwa kwenye matangazo, na wewe mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, huko kwenye matangazo mkono wako umefungwa.

Ila ufupi peke yake haukuzuii. Crystal Dangerfield, naye gadi, ana kama 1.65, alichaguliwa wa 16 kwenye drafti ya 2020, akawa rukii bora wa mwaka, yaani mchezaji bora kati ya wanaoanza ligi, wa kwanza kutoka raundi ya pili kuipata tuzo hiyo. Halafu 2022 timu ileile ikamwacha kabla msimu haujaanza. Ndiyo kazi ya pointi gadi ilivyo, kila mwaka unaomba upya.

Sisi Bongo tangu Hasheem Thabeet, yule mrefu wetu, achaguliwe wa pili kwenye drafti ya NBA, ligi ya wanaume, 2009 tukisikia Marekani tunawaza urefu. Hata Madina Okot wa Kenya, aliyetoka chuo cha Zetech akaenda vyuo vya Marekani, Mississippi State kisha South Carolina, ni senta, yule mrefu wa chini ya goli. Mrefu anaonekana akiwa amesimama tu, sisi wafupi mpaka mtu akae aangalie gemu.

Mimi nimekulia uwanja wa Don Bosco Upanga, nikacheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, nikapata chuo cha miaka miwili Texas halafu nikahamia chuo cha daraja la pili. Kocha alinipigia simu mwenyewe akasema timu nakupa wewe. Nafika, kumbe kashamleta gadi mwingine kutoka chuo kikubwa, nikakaa benchi msimu mzima, mama kila wikendi anauliza umecheza leo mwanangu, na hakuna aliyenieleza kitu. Hadi leo inaniuma. Yule gadi akaondoka, nikapewa mpira, nikamaliza nikiongoza timu kwa asisti, pasi zinazozaa kikapu, na rekodi ziko kule. Kisha msimu wa kulipwa Ureno, pesa ndogo, nyumba ya klabu, lakini niliitwa profesheno na nililipwa kwa kupiga pasi.

Sasa mdogo wangu sikiliza. Nenda unakocheza, jina la chuo lisikulevye. Kocha akikuahidi dakika muulize ni magadi gani wengine anawasajili, jibu lake likizungukazunguka we achana naye. Tanova, yaani kupoteza mpira, zipungue, asisti ziwe angalau mara mbili ya tanova, hiyo ndiyo namba wanaiangalia. Ongea uwanjani, pointi gadi asiyeongea hana kazi. Na soma, digrii ndiyo inayonilisha leo, msidanganywe na mtu. Nenda unakocheza, narudia.

Na mtazame Ezinne Kalu wa Nigeria, kasoma Savannah State, chuo ambacho wengi wenu hamjakisikia, akaishi kwa mpira Ulaya, na Olimpiki ya Paris 2024 akawa kwenye timu iliyoifunga Australia na kufika robo fainali, jambo ambalo timu ya Afrika ya kikapu haikuwahi kulifanya Olimpiki. Kwa hiyo wakala akiomba video mpe gemu nzima, hata ile mliyofungwa, kwa sababu hailaiti, video ya vipande vizuri tu, haionyeshi unavyomtuliza mwenzako aliyekosa mara tatu mfululizo wala unavyoipanga timu dakika mbili za mwisho, na hicho ndicho anachotafuta kwa gadi wa 1.64.